Ukurasa Wenye Wino ni wa Nani?

Nanunua kurasa za katuni. Sisemi magazeti ya zamani wala vitabu vya hadithi za picha, ingawa navyo ninavyo. Nasema ile karatasi yenyewe: manila au karatasi nzito ambayo mchoraji aliiinamia, akaipiga penseli, akapitisha wino juu yake, akasahihisha kwa rangi nyeupe, kisha ikapelekwa kiwandani kupigwa picha ili gazeti lichapwe. Gazeti lilitoka nakala maelfu. Karatasi hiyo ilikuwa moja tu, na gazeti likishatoka, mara nyingi hakuna aliyeiulizia tena.

Hapa Dodoma watu wakisikia habari hii huniuliza maswali mawili, na huja kwa mpangilio uleule. La kwanza: ya nini, na picha si ipo gazetini? La pili: zinauzwaje? La pili ndilo tamu, lakini asiyeridhika na jibu la kwanza hawezi kulielewa la pili, kwa hiyo naanza na la kwanza.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote niliupata Chang'ombe ya hapa Dodoma, kwa mzee aliyechora katuni Dar es Salaam miaka ya 1980 kisha akarudi nyumbani kulima zabibu. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi. Alikuwa ameuweka ndani ya sanduku la bati, katikati ya vyeti vya shule vya watoto wake, na hiyo ndiyo pona yake. Una visanduku sita. Ni foleni mbele ya duka la ushirika: wanaume kwa wanawake, vikapu mkononi, mtoto ameketi juu ya debe. Mama aliye mbele amesuka, na kila suko limevutwa kwa brashi mara moja tu. Linaanza jembamba, linanenepa katikati ya kichwa, linaishia jembamba kisogoni. Gazetini kichwa kile kilitoka doa jeusi. Pembeni kuna mwandiko wa kalamu nyekundu wa mhariri: mchoro upunguzwe hadi sentimita 15, uende ukurasa wa sita. Chini kulia pana alama ya dole gumba lenye wino.

Sasa kisanduku cha nne. Kiputo cha maneno cha muuza duka kimebandikwa. Ni kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkasi na kugandishwa juu ya mchoro, na gundi imekauka kiasi kwamba upande mmoja umenyanyuka wenyewe. Cha juu kinasema, "Sukari ipo njiani." Ukiinamisha kichwa na kuchungulia, unaona maandishi ya chini, kwa mwandiko tofauti: "Sukari hakuna."

Nilimwonyesha mzee. Akavaa miwani, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, ya chini ndiyo yangu. Ya juu ni ya ofisi."

Aliyesoma gazeti siku ile alisoma la ofisi. La mchoraji lilibaki chini ya gundi, na halipo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye karatasi hii. Hilo ndilo jibu langu la swali la kwanza. Gazetini unaona kilichoruhusiwa kutoka. Kwenye karatasi unaona mtu akifanya kazi: alipobadili mawazo, alipokosea mkono wa mtoto akaupaka rangi nyeupe na kuuchora upya, alipoamrishwa na wengine.

Sisi wa kanda ya kati tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine wote. Miamba ya Kondoa, yenye michoro iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ipo hapo kaskazini mwetu tu. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951, na kazi yake ikatoka kitabu mwaka 1983. Nakala zake zina faida kubwa, maana baadhi ya michoro imeliwa na maji, jua na mikono ya watu. Lakini apandaye mwenyewe Kolo, kwenye miamba hiyo, huona jambo lisiloingia kwenye nakala: mnyama aliyechorwa juu ya mnyama mwingine, na huyo juu ya mwingine wa zamani zaidi, kila mmoja na rangi yake. Nakala inakueleza nini kilichorwa. Jiwe linakuonyesha kilichorwaje. Jiwe halihamishiki, basi hakuna anayeuliza bei yake. Karatasi inahamishika, na ndipo soko linapoingia.

Soko lenyewe, kwa upande wa Marekani na Ulaya, limefika mbali. Januari 2022, mnada wa Heritage mjini Dallas uliuza ukurasa mmoja wa Spider-Man wa mwaka 1984, kazi ya Mike Zeck, kwa dola 3,360,000. Hizo zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa thamani ya siku zile. Ni ukurasa wa 25 wa toleo la nane la mfululizo wa Secret Wars, unaoonyesha Spider-Man akipata lile vazi jeusi. Mwaka mmoja kabla, mjini Paris, mnada wa Artcurial uliuza mchoro wa Hergé, mchora katuni wa Ubelgiji, wa mwaka 1936, uliokusudiwa kuwa kava la kitabu cha Tintin, kwa takriban euro milioni 3.2. Mchoro huo haukuwahi kutumika kwa sababu kuuchapa na rangi zake zote kungegharimu mno. Familia ya mchapishaji ilisimulia kwamba mtoto wao mwenye umri wa miaka saba alipewa, ukakunjwa, ukawekwa kwenye droo. Mikunjo ipo mpaka leo. Kava lililokataliwa, likakunjwa na kukaa droo moja miaka mingi, likaja kununuliwa kwa fedha hizo!

Hizo ni bei za kileleni na zisimdanganye mtu. Biashara ya kila siku ya kurasa hizi ni ya dola hamsini, mia, mia tano. Wenye mishahara ya kawaida hununua kwa kulipa kidogo kidogo, muuzaji akiushika ukurasa mpaka deni liishe, au hubadilishana ukurasa kwa ukurasa na kuongezea fedha juu. Ukizoea kuwasikiliza unakuta wana kanuni zao. Kava hupita ukurasa wa ndani kwa bei. Ukurasa wa picha moja kubwa hupita wenye visanduku vingi. Mhusika akiwa ndani ya vazi lake la ushujaa hupita akiwa na shati na suruali. Mara ya kwanza ya mhusika kuonekana hupita kila kitu. Kazi iliyochapwa hupita ile iliyochorwa kwa kuagizwa na mteja. Na hali ya karatasi, inayotawala kabisa bei ya vitabu vya katuni, hapa haina nguvu hiyo, kwa kuwa hakuna ukurasa wa pili ambao mnunuzi angeuchagua badala yake. Mikunjo ya Hergé ni shahidi.

Kanuni moja sikubaliani nayo: kurasa za watu wanaozungumza tu huwekwa chini kabisa. Mimi huzitafuta hizo. Kuchora mtu anaruka juu ya jengo ni kazi, lakini kuchora wake wenza wawili wamekaa mkeka mmoja, mmoja anasema kweli na mwingine anajua kuwa ndiyo kweli, na msomaji akaona yote hayo machoni bila kusoma neno, hiyo ni kazi kubwa zaidi, na bei yake ni ndogo. Kwa mwenye kipato kama changu ni bahati njema.

Pana pia kazi za kughushi. Mtu huweka kitabu juu ya meza ya kioo yenye taa chini, akafuatisha mistari, akauza kama halisi. Wanaojua hutazama kama kuna penseli chini ya wino, kama kuna mwandiko wa mhariri pembeni, na ukubwa. Huko Marekani kurasa za vitabu vya katuni zilichorwa kwa ukubwa wa karibu mara mbili ya uchapaji mpaka kama mwaka 1967, kisha zikapunguzwa, na karatasi iliyozoeleka hadi sasa ni ya sentimita 28 kwa 43. Ukiletewa ukurasa unaodaiwa kuwa wa mwaka 1963 nao ni mdogo, una haki ya kuuliza maswali magumu.

Lakini lipo jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya niandike. Soko hilo halikuanzishwa na matajiri. Lilianza pale karatasi zilipoanza kurudi mikononi mwa wachoraji. Kabla ya hapo, makampuni ya Marekani yaliziona kurasa kama taka za kiwandani: zilikatwakatwa, zilichomwa, zilitolewa zawadi kwa wageni, zilirundikwa stoo. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo makampuni makubwa yalipoanza kuzirudisha, na wachoraji wakapata kitu cha kuuza kwenye maonyesho, mwanzoni kwa bei ya chakula cha mchana.

Jack Kirby, aliyechora sehemu kubwa ya mashujaa wa kampuni ya Marvel wa miaka ya 1960, alicheleweshewa zake. Wenzake walitakiwa kusaini hati ya ukurasa mmoja ili warudishiwe michoro. Yeye alipelekewa hati ya kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuna mwingine aliyewekewa. Akakataa. Wachoraji wenzake na wasomaji wakapiga kelele hadharani, na mwaka 1987 akapata kurasa karibu 2,000, kati ya zaidi ya 10,000 alizochora. Nikisoma habari hiyo huwa siwazi fedha. Nawaza mzee wa miaka karibu sabini anayeomba arudishiwe alichokichora kwa mkono wake, na kulazimika kuomba.

Tazama na habari ya ukurasa wa mwisho wa toleo la 180 la Hulk, la mwaka 1974, ambapo shujaa Wolverine alionekana kwa mara ya kwanza. Mchoraji wake, Herb Trimpe, alimpa kijana mmoja ukurasa huo mwaka 1983. Mwaka 2014 uliuzwa kwa dola 657,250. Kisheria Trimpe hakustahili hata senti. Aliyekuwa nao aliona vyema sehemu kubwa ya fedha iende Hero Initiative, mfuko unaosaidia wachora katuni wenye shida, na nampa heshima yake kwa hilo, lakini ilikuwa hiari yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ingekuwa haki: kazi ya sanaa inapouzwa tena kupitia mnada au dalali, mchoraji hupata gawio, linaloanzia kwa kawaida asilimia 4 na kushuka kadiri bei inavyopanda, lisizidi euro 12,500, na warithi wake huendelea kulipata miaka 70 baada ya kifo chake.

Turudi kwetu. Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na Pimbi wa gazeti la Sani. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Kingo wa James Gayo. Kipanya wa Masoud. Gado, aliyetoka Dar es Salaam akaenda Nairobi mwaka 1992 na kujulikana bara zima. Watanzania wa umri wangu walijifunza kusoma kwa kugombania magazeti hayo, na wapo mpaka leo wanaomwita mtu Lodi Lofa bila kukumbuka jina limetoka wapi. Katika miaka yote niliyotafuta, kwa mkono wangu sijashika hata ukurasa mmoja halisi wa Chakubanga.

Wachoraji wa zamani niliozungumza nao wananieleza jambo lilelile. Ulipeleka mchoro mezani, ukasaini, ukapokea chako, ukaondoka. Karatasi ilibaki. Hakuna aliyewanyang'anya, hakuna tu aliyewaambia kuwa inaweza kurudi. Ofisi zilihama, magazeti mengine yakafa, makabati yakafunguliwa na mtu asiyejua kilichomo. Mmoja aliniambia alimkuta mtoto wa mfanyakazi mwenzake amefunika daftari la hesabu kwa manila yake, upande wenye mchoro ukiwa ndani. Alisimulia bila hasira. Mimi nililala na hasira kwa niaba yake.

Kwa hiyo kwetu hakuna soko la kuzungumzia. Tupo watu wachache tunaojuana, tunatumiana picha kwa WhatsApp, na bei hupatikana kwa maelewano. Zangu nazipanga hivi: namuuliza mchoraji leo angetoza kiasi gani kuchora ukurasa kama huo kwa gazeti au shirika, na sishuki chini ya hapo hata kama mwenyewe anataka kunipa bure. Nasisitiza hili kwa wanunuzi wenzangu. Mzee akikuambia "chukua tu mwanangu, kitu gani hicho," usichukue tu. Ukimlipa elfu themanini leo, kesho atachungulia chini ya kitanda aone kama kuna nyingine, atawapigia wenzake simu, na kurasa tatu zitaponyoka kwenye jiko la mkaa.

Pamoja na malipo huandikwa hati, kwenye karatasi nyingine, kamwe si nyuma ya mchoro. Inataja jina la mchoraji, mwaka, chombo kilichochapa, bei, na saini za wawili. Na ndani yake tunaandika wazi kuwa nimenunua karatasi, sikununua hakimiliki. Wengi huchanganya hapo. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haki ya kuchapa mchoro ule ni kitu kingine mbali na karatasi. Kuwa nayo ukutani hakunipi ruhusa ya kuuza fulana zenye Madenge. Ndiyo maana kila ninachonunua nakipiga skani kwa ubora wa juu na kumrudishia mchoraji faili, ili siku akitaka kutoa kitabu asije kuniomba mimi.

Kuhusu utunzaji, Dodoma imependelewa. Karatasi zinazotoka Tanga na Dar es Salaam huja na madoa ya kahawia na harufu ya ukungu. Hewa yetu kavu haileti hayo. Adui zetu ni vumbi, jua na mchwa, na mchwa wa Dodoma hana mswalie Mtume. Kurasa zangu zimelala bapa ndani ya makasha, juu ya rafu ya chuma isiyogusa ukuta. Wino wa chupa mweusi unadumu, ila kalamu za rangi hufifia haraka mbele ya dirisha.

Na lamineti. Jamani, lamineti! Kila steshenari kuanzia Majengo hadi Makole ina mashine hiyo, na mtu mwema akitaka kutunza kitu cha thamani hukimbilia huko. Cheti sawa, una njia ya kupata kingine. Mchoro ukishapikwa ndani ya plastiki ile hautoki tena. Gundi imeingia kwenye nyuzi za karatasi, penseli imebanwa, vile viputo vilivyobandikwa vimesagika. Selotepu nayo ni hivyo hivyo, inakuachia mstari wa manjano usiofutika. Ukurasa uliochanika uache ulivyochanika.

Ninapolalamikia yaliyopotea, vijana wananikumbusha kuwa wao hawachori kwenye karatasi kabisa. Wanachora kwenye tableti, na sababu wanazo: haraka, hakuna gharama ya wino, mteja akitaka mabadiliko saa tano usiku yanafanyika. Huko nje ni hivyo pia. Tangu miaka ya 1990 maneno yalianza kuingizwa kwa kompyuta, ndiyo maana kurasa nyingi za siku hizi hazina kiputo hata kimoja. Halafu wengi wakahamishia mchoro wote kwenye kioo. Lakini wapo waliobaki na karatasi, na baadhi yao husema wazi kuwa fedha ya kuuza kurasa ni sehemu ya mshahara wao. Wengine huchanganya: penseli kwa tableti, inachapwa kwa rangi ya buluu hafifu kwenye karatasi nzito, kisha wino halisi unapita juu.

Nilimweleza hayo binti mmoja aliyesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye huchora vitabu vya elimu ya afya vya mashirika. Ana mkono mzuri sana wa wino. Watu wake wana uzito, wakikaa unaona wamekaa. Akajaribu njia ya buluu kwa makava yake matatu. Lilipotoka la kwanza nikamwomba niununue ukurasa ule, tukakubaliana bei pale Nyerere Square, nikatoa ile hati yangu ya kawaida. Akaisoma yote. Kisha akauliza, "Kaka, ukiununua leo kwa bei hii, mimi nikija kujulikana ukauuza kwa mara ishirini ya bei hii, yangu iko wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala hati yangu haikuwa na jibu. Tukaikalia pale pale. Yeye alitaka asilimia 15, mimi nikasema 5, tukafika 10: kila mara ukurasa utakapouzwa, muuzaji amlipe mchoraji au warithi wake asilimia 10 ya bei, na mnunuzi mpya asaini kukubali sharti hilo hilo. Nakala tatu, yake, yangu, na ya kaka yake anayemtunzia nyaraka. Mauziano yote niliyofanya tangu siku hiyo yana kifungu hicho, na wale niliokwisha kununua kwao nawafuata mmoja mmoja tukiandike.